Kicheko Msibani: Vichekesho Vichungu vya Vijana na Mambo Yasiyosemwa

Vichekesho vichungu vya vijana ni filamu ambazo wahusika wake ni wanafunzi wa sekondari, lugha yake ni ya mzaha, na mada zake ni mambo ambayo watu wazima huyasema kwa kunong'ona: kujiua, bunduki shuleni, mwalimu anayetembea na mwanafunzi wake, mimba, mapenzi ya jinsia moja, unafiki wa waumini. Vichekesho vya kawaida huyapita mambo hayo pembeni. Hivi huyaweka katikati ya hadithi, kisha humwacha mtazamaji ahangaike na kicheko chake mwenyewe.

Aina hii ilipata sura inayojulikana leo nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na filamu iliyoipa sura hiyo ni Heathers, iliyoandikwa na Daniel Waters na kuongozwa na Michael Lehmann. Zilizofuata ni nyingi, nzuri na mbovu, na nzuri hutambulika kwa shabaha yake. Filamu iliyolenga sawasawa humwacha aliyefikwa na janga, ikayacheka maneno, sherehe na adabu ambazo jamii huzitumia kulifunika janga hilo. Iliyokosa shabaha huishia kumcheka aliyeumia, mara nyingi bila walioitengeneza kutambua.

Ruhusa ya kucheka

Kejeli ya namna hii ni kongwe kuliko sinema. Mwaka 1729 Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, alichapisha kijitabu kilichopendekeza kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wakitimiza mwaka mmoja, wawe kitoweo cha matajiri. Aliandika kwa utulivu wa mtaalamu wa uchumi, akipiga hesabu za uzito wa nyama na faida ya mzazi. Aliokuwa akiwapiga kijembe ni wale waliozoea kuizungumzia njaa ya watu kama bei ya bidhaa sokoni. Aliiga sauti yao, akaifikisha mwisho wa njia yake, ubaya wake ukajianika wenyewe.

Kucheka penye machozi si jambo geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani hufika msibani akafanya ambayo mwingine angefukuzwa kwa kuyafanya: humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, hudai deni lake mbele ya wafiwa, huzuia shughuli mpaka apewe chochote. Waombolezaji hucheka huku macho yamevimba. Ila utani una wenyewe. Ruhusa hiyo hutoka kwenye uhusiano wa koo au makabila ambao kila aliyepo anaujua. Mwandishi wa filamu ya kejeli hana uhusiano kama huo na watazamaji wake. Hujipa ruhusa mwenyewe, ndiyo maana kila filamu ya aina hii ikitoka huzuka swali lile lile: nani kamruhusu?

Katika sinema, shule ilishawahi kutumiwa kama uwanja wa kejeli kabla ya Heathers. Filamu ya Kiingereza If...., iliyoongozwa na Lindsay Anderson na kutoka mwaka 1968, ilihusu shule ya bweni yenye viboko, viranja wakatili na sala za kila siku, na ilimalizika kwa wanafunzi waasi kupanda juu ya paa siku ya sherehe ya shule na kuwamiminia risasi walimu, wazazi na wageni wa heshima. Mwaka 1969 ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Lakini hiyo ilikuwa filamu ya watu wazima iliyotokea kuwa na wahusika vijana. Kuchukua filamu ya kuchekesha ya vijana yenyewe, pamoja na rangi zake, nguo zake na mapenzi yake ya korido, na kutia sumu ndani yake, kulisubiri miaka ishirini mingine.

Shule ya Westerburg

Miaka ya 1980 filamu za vijana Marekani zilikuwa himaya ya John Hughes. Katika The Breakfast Club ya mwaka 1985, wanafunzi watano wa makundi yasiyosalimiana wanafungiwa maktabani Jumamosi nzima kama adhabu, na jioni wanaondoka wakiwa wameelewana. Shule ya Hughes ina matabaka, ila matabaka hayo huyeyuka watu wakikaa chini wakazungumza. Waters, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika duka la kanda za video, aliandika kinyume chake: shule ambamo mazungumzo ni silaha na maridhiano hayapo. Alitamani muswada wake uongozwe na Stanley Kubrick. Haukumfikia, ukaangukia mikononi mwa Lehmann, ambaye alikuwa hajawahi kuongoza filamu ndefu ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

Wakati huo kujiua kwa vijana kulikuwa hofu ya taifa. Kati ya mwaka 1950 na 1980 kiwango cha kujiua miongoni mwa Wamarekani wa miaka 15 hadi 24 kilikaribia kuongezeka mara tatu. Televisheni zilijibu kwa filamu za kuhuzunisha zenye somo mwishoni, shule zikajibu kwa mihadhara. Lugha maalumu ya kulizungumzia jambo hilo ilikwisha kuota mizizi, laini na yenye machozi, na ndiyo Waters aliyoikamia.

Hadithi inatokea katika shule ya kubuni ya Westerburg, jimbo la Ohio. Wasichana watatu wa kwao, wote wakiitwa Heather, wanaitawala kutoka kwenye bwalo la chakula. Kila mmoja ana rangi yake, na mkubwa wao, Heather Chandler, ana kibanio chekundu cha nywele ambacho kwenye filamu hii ndicho taji. Wa nne wao, Veronica Sawyer, anayechezwa na Winona Ryder, ana kipaji cha kuiga mwandiko wa mtu yeyote. Anatokea mgeni, J.D., anayechezwa na Christian Slater, kijana mwenye koti refu jeusi. Siku yake ya kwanza anachomoa bastola bwaloni na kuwafyatulia wababe wawili risasi za bandia, na wasichana wanakisia tu kwamba atasimamishwa masomo wiki moja hivi. Sheria ya shirikisho inayotaka mwanafunzi aliyeleta bunduki shuleni afukuzwe kwa mwaka mzima ilikuja baadaye, mwaka 1994.

Kifo cha kwanza ni cha Heather Chandler. J.D. anampa kikombe cha sumu na Veronica, bila kujua kilichomo, anakuwa mshirika. Ili kujiokoa, wanaandika barua ya kuaga kwa mwandiko wa marehemu. Kuanzia hapo filamu inageuza darubini kuelekea kwa watu wazima. Walimu wanakaa na mkuu wa shule kujadili msiba huo unastahili wanafunzi wapewe mapumziko ya muda gani, na mkuu anapima muda kwa hadhi ya marehemu: angekuwa mmoja wa washangiliaji wa timu, nusu siku ingefaa. Mwalimu mmoja anasifu kwamba katika barua yake marehemu ametumia neno gumu la msamiati mahali pake. Mtoto amekufa, na kilichojadiliwa mezani ni ratiba na Kiingereza fasaha.

Mwalimu mwingine, Bi. Fleming, anaona nafasi yake imefika. Anaisoma barua ile ya uongo mbele ya darasa, anagawa nakala, na baadaye anaita kamera za televisheni zije kupiga picha wanafunzi walioshikana mikono. Kadiri barua inavyosomwa, ndivyo Heather aliyekuwa mkatili anavyozidi kuwa mtu mwenye moyo mpana asiyeeleweka. Kifo kimempa kina ambacho maisha hayakumpa.

Chupa ya maji ya madini

Mauaji yanayofuata yanagusa mwiko mwingine. Wababe wawili, Kurt na Ram, wanauawa msituni, na J.D. anapanga ushahidi ili waonekane wapenzi waliokubaliana kufa pamoja. Miongoni mwa vitu anavyoviacha karibu na maiti ni chupa ya maji ya madini. Polisi wanapoiona chupa hiyo, shaka yote inawaisha: huko Ohio, kijana wa kiume asiyeshika bia anajieleza mwenyewe. Kicheko hapa kinawaangukia wanaosoma chupa ya maji kama hati ya mashtaka.

Kisha ni kanisani. Vijana wamelazwa kwenye majeneza wakiwa na sare na kofia za mchezo. Baba wa mmoja wao anasimama akilia kwa sauti kwamba anampenda mwanawe, marehemu, shoga. J.D., akiwa ameketi nyuma, anamnong'oneza Veronica akijiuliza baba huyo angesema nini iwapo mwanawe angekuwa shoga na yu hai. Veronica anaangua kicheko. Hapo hapo, kwenye viti vya mbele, mtoto wa kike, dada wa marehemu, anageuka kumtazama, uso umelowa machozi. Kicheko kinakauka.

Tukio hilo halifiki dakika mbili, nalo lina ufundi wote wa aina hii ya filamu. Mzaha wa kwanza unampiga baba, ambaye upendo wake umengoja jeneza. Wa pili unampiga jirani yeyote aliyewahi kusema maneno mazuri kaburini ambayo hakuyasema sebuleni. Kisha uso wa mtoto unamgeukia aliyecheka, na aliyecheka ni Veronica pamoja na ukumbi mzima wa sinema. Filamu imemruhusu mtazamaji acheke, halafu ikamtumia ankara.

Ankara kubwa zaidi inakuja na Martha, msichana mnene anayedhihakiwa tangu filamu inapoanza. Vifo vitatu vya kwanza, vyote mauaji yaliyovikwa barua za uongo, vimepata maua, kamera na hotuba. Martha anajaribu kujiua kweli kwa kutembea katikati ya magari. Anaponea chupuchupu, na kinachosemwa shuleni ni kwamba hata kufa anawaiga wenye majina, na hata kufa kunamshinda. Baadaye mmoja wa akina Heather anapiga simu kwenye kipindi cha redio kueleza anavyoumia, na siku inayofuata darasa zima linajua na linamcheka. Uwongo umeombolezwa, ukweli umezomewa. Anayemwokoa Heather huyo ni Veronica, anayemkuta chooni na vidonge na kumzuia, bila kamera na bila Bi. Fleming. Mwishoni Veronica anachukua kibanio chekundu na kwenda kumwalika Martha waangalie kanda za video pamoja usiku wa dansi la shule.

Huo haukuwa mwisho wa kwanza. Katika muswada wa awali shule inalipuliwa, na makundi yote yanacheza dansi pamoja ahera, kana kwamba huko tu ndiko maridhiano ya Hughes yanakowezekana. Studio ya New World ilikataa. Hata baada ya marekebisho filamu ilitisha: Ryder amesimulia kwamba wakala wake alimsihi asiikubali kazi hiyo. Ilipotoka kwenye majumba ya sinema mwaka 1989 iliingiza takriban dola milioni 1.1, chini ya nusu ya gharama yake. Iliyoiokoa ni kanda ya video. Vijana ambao kwa daraja lake wasingeruhusiwa kuingia sinema bila mtu mzima waliikodi, wakaiangalia sebuleni, wakajifunza kuzungumza kama wahusika wake. Waters alikuwa amebuni misimu yake mwenyewe kwa sababu misimu halisi ya vijana huchuja upesi, na ile ya kubuni haikuchuja kwa kuwa haikuwahi kuwa ya mwaka wowote.

Mwaka 1999

Miaka kumi baadaye aina hii ilistawi ghafla, katika mwaka ambao pia ilipata pigo. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili waliwaua wenzao kumi na wawili na mwalimu mmoja katika sekondari ya Columbine, Colorado. Siku tatu baadaye filamu ya Election, iliyoongozwa na Alexander Payne kutokana na riwaya ya Tom Perrotta, ilianza kuonyeshwa. Kwa bahati yake haikuwa na bunduki. Ilikuwa na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi katika shule ya Omaha, Nebraska.

Tracy Flick, anayechezwa na Reese Witherspoon, anagombea urais wa wanafunzi kwa bidii inayomkera mwalimu wake wa historia na uraia, Jim McAllister, anayechezwa na Matthew Broderick. Mwalimu huyo, bingwa wa kufundisha tofauti kati ya uadilifu na maadili, anachakachua matokeo: anatupa kura mbili kwenye pipa la taka ili Tracy ashindwe. Anayemfichua ni mhudumu wa usafi. Mwanzoni mwa filamu mwalimu alitupa chakula kilichochacha, kikadondoka nje ya pipa, naye akaenda zake huku mhudumu akimwona. Mtu asiyehesabiwa na yeyote ndiye aliyekuwa akiangalia pipa, na pipa ndilo lililobeba ushahidi.

Kwa upande wa siasa Election ililenga sawasawa, na mhusika Tracy amekuwa jina la kuwapachika wanasiasa wanawake wenye bidii, mara nyingi kwa kebehi. Kwa upande mwingine ilionyesha jinsi shabaha inavyoweza kuteleza. Kabla hadithi haijaanza, mwalimu wa hisabati, rafiki wa McAllister, amelala na Tracy, ambaye bado ni mtoto wa shule, na amefukuzwa kazi. Filamu inalitaja jambo hilo kwa wepesi na kumwacha McAllister alisimulie kana kwamba rafiki yake ndiye aliyepoteza zaidi. Picha inagandishwa Tracy akiwa katikati ya neno, jicho nusu, mdomo umepinda, na mtazamaji anaalikwa kumcheka msichana ambaye mtu mzima alimtumia. Watazamaji wa 1999 wengi walicheka. Baada ya mwaka 2017, wanawake walipoanza kusimulia hadharani waliyotendewa na wakubwa wao kazini, wahakiki walirudi kuitazama filamu wakauliza kwa nini walikuwa upande wa mwalimu. Watetezi wake hujibu kwamba McAllister ni msimulizi asiyeaminika na kwamba filamu yenyewe inamwumbua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kejeli inayohitaji miaka ishirini ili watu wamtambue aliyekejeliwa imekwishamwumiza mwingine njiani.

Mwaka huo huo But I'm a Cheerleader ya Jamie Babbit ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto. Megan, kijana mshangiliaji wa timu, anapelekwa na wazazi wake kwenye kambi ya kuwageuza vijana wanaopenda jinsia moja. Ushahidi wa wazazi na marafiki ni kwamba hali nyama na amebandika picha ya mwimbaji fulani ukutani: ni ile chupa ya maji ya madini katika umbo jingine. Kambini wasichana wanavaa waridi na kufundishwa kupiga deki na kubadilisha nepi, wavulana wanavaa bluu na kufundishwa kupasua kuni, na mkufunzi anayedai kuwa amepona anachezwa na RuPaul, msanii maarufu kwa kuvaa kike. Badala ya kubishana na kambi kama hizo kwa hoja, Babbit alizipaka rangi ya nyumba ya mwanasesere mpaka zikaonekana zilivyo: mafunzo ya uigizaji. Bodi ya kupanga madaraja iliipa kwanza daraja la kuzuia kabisa watazamaji wa miaka 17 na chini, na ikabidi vipande vikatwe ili daraja lishushwe.

Biblia iliyorushwa

Dini ilipata zamu yake mwaka 2004 katika Saved!, filamu ya Brian Dannelly, aliyesoma sekondari ya Kibaptisti. Mary, mwanafunzi wa shule ya Kikristo, anaambiwa na mchumba wake kwamba anahisi anapenda wanaume. Akiamini ameoneshwa njozi ya Yesu, analala naye ili amponye. Mchumba hageuki, anapelekwa kwenye kituo cha kurekebishwa, na Mary anabaki na mimba ambayo shule yake haina neno la kuitajia.

Adui yake ni Hilary Faye, kiongozi wa kikundi cha sala. Katika tukio linalokumbukwa zaidi, Hilary na wenzake wanajaribu kumkamata Mary ili wamtoe pepo. Anapowakatalia na kuondoka, Hilary anamrushia Biblia mgongoni huku akipiga kelele kwamba yeye amejaa upendo wa Kristo. Mary anaiokota na kumwambia kwamba kitabu hicho si silaha. Filamu haikumkejeli Yesu wala imani ya Mary, ambaye mpaka mwisho anaendelea kumtafuta Mungu. Ilikejeli umbali kati ya kinywa cha Hilary na mkono wake, umbali ambao kwenye picha hiyo moja unapimika kwa hatua.

Umbea wenye faida

Mwaka huo huo wa 2004 Mean Girls ilifikisha aina hii kwa watazamaji wengi kuliko zote, na undugu wake na Heathers ni wa damu: mwongozaji wake, Mark Waters, ni ndugu wa Daniel Waters. Tina Fey aliutoa muswada wake kwenye kitabu cha Rosalind Wiseman, Queen Bees and Wannabes cha mwaka 2002, ambacho hakina hadithi hata moja ya kubuni. Ni mwongozo kwa wazazi kuhusu jinsi wasichana wanavyoumizana kwa kutengana, kusengenyana na kusutana.

Wasichana watawala wamerudi, mpinzani wao kajipenyeza, na silaha safari hii ni daftari la umbea ambalo kurasa zake zinatolewa nakala na kumwagwa koridoni. Kilichotolewa ni maiti. Msimulizi anaeleza jinsi kiongozi wa wasichana alivyogongwa na basi akafa, kisha anakiri kuwa anatania. Mzaha huo mmoja ni tofauti kati ya filamu mbili: iliyoua kweli iliingiza dola milioni 1.1, iliyotania iliingiza takriban dola milioni 130.

Yapo yaliyobaki makali. Mwalimu wa michezo anafundisha somo la uzazi kwa kuwatisha wanafunzi kwamba wakifanya ngono watapata mimba na kufa, kisha anawagawia kondomu. Na upo mzaha unaowagusa Waafrika moja kwa moja. Mhusika mkuu, Cady, ni msichana mweupe aliyekulia Afrika na wazazi wake watafiti wa wanyama. Darasa linapoelezwa kwamba kuna mwanafunzi mgeni kutoka Afrika, mwalimu anamkaribisha kwa bashasha msichana mweusi aliyekaa mbele yake, naye anajibu kwamba anatoka Michigan. Ubaguzi wa mwalimu mwema umeanikwa kwa sentensi moja. Hata hivyo filamu yenyewe iliitaja Afrika bila nchi. Jina la Kenya liliingia baadaye, katika mchezo wa muziki uliofika Broadway mwaka 2018 na katika filamu ya mwaka 2024.

Filamu hiyo ya 2004 nayo ilikuwa na doa la Election: mwalimu yule yule wa michezo anafumwa akiwa na uhusiano na wanafunzi wake, na jambo hilo linapita kama kichekesho cha pembeni. Wasichana wanaohusika wanagombana wao kwa wao, na kicheko kinawaangukia wao.

Pale mzaha unapogonga ukuta

Jaribio lililoonyesha mipaka ya aina hii ni tamthilia ya televisheni ya Heathers, iliyotengenezwa upya na Paramount Network na kupangiwa kuanza Machi 2018. Tarehe 14 Februari mwaka huo watu 17 waliuawa kwa risasi katika sekondari moja ya Parkland, Florida. Tamthilia ikaahirishwa, ikafutwa, kisha ikarushwa Oktoba ikiwa imekatwakatwa. Mwaka 1989 koti jeusi na bastola bwaloni vilikuwa chumvi ya mwandishi. Miaka 29 baadaye vilikuwa taarifa ya habari. Kejeli hufanya kazi kwa kutia chumvi, na uhalisia ukishatia chumvi kuliko mwandishi, chombo hicho hubaki butu.

Tatizo la pili halikutokana na msiba wowote. Watengenezaji walibadilisha watawala: akina Heather wapya walikuwa msichana mnene, kijana asiyejitambulisha kama mwanamume wala mwanamke, na msichana msagaji mwenye asili mchanganyiko. Wale ambao filamu ya kwanza iliwatetea kupitia Martha sasa ndio waliokuwa wakatili wa kuuawa. Wahakiki wengi waliliona kosa hilo mara moja. Mishale ilikuwa ile ile, lakini upinde ulikuwa umegeuzwa.

Upo pia ukuta wa kitabibu. Mwaka 1974 mtafiti David Phillips alieleza jinsi habari za kujiua zikitangazwa sana zinavyofuatiwa na vifo vingine, akaliita jambo hilo kwa jina la Werther, mhusika wa riwaya ya Goethe ya mwaka 1774. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa wanahabari tangu mwaka 2000, na mwaka 2019 lilitoa mwingine kwa watengenezaji wa filamu na michezo ya jukwaani: wasionyeshe namna tendo lilivyofanyika, wasilipe sababu moja nyepesi, waonyeshe watu wanaotafuta msaada na kuupata. Mwaka huo huo Netflix iliondoa tukio la kujiua katika tamthilia ya 13 Reasons Why miaka miwili baada ya kulirusha. Tamthilia hiyo haikuwa na mzaha hata kidogo. Ilimpa msichana aliyekufa sauti, umaarufu na nguvu juu ya waliomuumiza, yaani vile vile ambavyo barua za uongo za Westerburg ziliwapa marehemu wake. Uzito wa sauti peke yake haukuilinda, na aliyefahamu Heathers angeweza kuiona hatari hiyo tangu mwanzo.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Aina hii ya filamu imesimama kwenye wazo hilo, na bado inaendelea. Mwaka 2023 Emma Seligman alitoa Bottoms, ambamo wasichana wawili wanaanzisha klabu ya kupigana shuleni kwa kisingizio cha kujilinda dhidi ya ubakaji, huku lengo lao halisi likiwa kuwavutia wasichana wanaowapenda. Wanapoulizwa nani miongoni mwa wanachama amewahi kudhalilishwa, mikono inayoinuka ni mingi kuliko mzaha unavyoweza kubeba.

Heathers yenyewe imeishia mahali ambapo mwaka 1989 pasingetarajiwa. Kevin Murphy na Laurence O'Keefe waliigeuza mchezo wa muziki, ulioanza Los Angeles mwaka 2013, ukafika New York mwaka 2014 na London mwaka 2018. Lipo toleo lake lililolainishwa kwa ajili ya vijana, na shule za sekondari hukodi haki zake na kuliigiza. Walimu husimamia mazoezi, nguo nyekundu, kijani na njano hushonwa, wazazi hununua tiketi. Katika mchezo huo Martha, ambaye kwenye filamu alikuwa na maneno ya kuhesabika, amepewa wimbo wake peke yake, na ukumbi hunyamaza kumsikiliza.